Kampuni Haina Moyo

Tangi lenyewe ni la lita 10,000, jeusi, limeketi juu ya kijukwaa cha saruji nyuma ya madarasa ya shule moja ndogo huku Pipeline, Embakasi, Nairobi. Siku ya kukabidhiwa kulikuwa na hema, utepe, fulana za rangi moja, na mpiga picha aliyewapanga watoto mara tatu mpaka jina la kampuni iliyolitoa likaonekana vizuri juu ya vichwa vyao. Ilikuwa Septemba, jua kali, kwa hiyo hakuna aliyetazama paa. Mvua za vuli zilipoanza ndipo ikabainika kwamba mabati yale hayakuwa na gata. Maji yakamwagika uani, watoto wakaruka madimbwi, na tangi likabaki kavu. Mama anayewapikia watoto githeri akanielekezea kwa mwiko pale maji yalipokuwa yakidondokea. “Wangetuuliza tu,” akasema. “Hata mimi ningewaambia.”

Tumezoea kusema kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hiyo inamhusu mtu. Kampuni ina utajiri, moyo haina, na sisemi hivyo kwa kuitukana. Ina muhuri, bodi na akaunti benki. Kitu cha kuiuma pale jirani anapolala na kiu haina. Anayeumwa ni meneja, lakini fedha anazotoa si zake. Mwaka 1970 Milton Friedman, mwanauchumi wa Marekani, aliandika katika jarida la New York Times kwamba meneja wa namna hiyo anafanya wema kwa mfuko wa wengine, na kazi ya kampuni ni kutafuta faida ndani ya sheria. Nakubaliana naye nusu ya njia. Huruma isiyomgharimu mwenye kuhurumia ni nyepesi mno kuitegemea. Ila kama kampuni haina moyo, basi tuache kuipima kwa moyo, tuipime kwa vile ilivyo navyo: ujuzi, mpangilio, na uwezo wa kurudi kesho kurekebisha kilichoharibika.

Wataalamu wa biashara Michael Porter na Mark Kramer waliandika mwaka 2002 kwamba kampuni hutoa vizuri zaidi pale msaada wake unapoboresha mazingira yaleyale inamofanyia biashara. Wapo wanaosikia hapo uroho uliovaa kanzu. Mimi nasikia sababu ya kubaki. Wafanyakazi wengi wa viwanda vya Industrial Area hulala huku kwetu, Tassia na Mukuru. Aliyeamka saa tisa usiku kupanga foleni ya maji anafika kwenye mashine akiwa tayari amechoka. Mwajiri anayelijua hilo, akajua pia kwamba uchovu ule unamla yeye mwenyewe, hatashughulikia maji kwa siku moja ya picha. Atauliza maji yanakatikia wapi, na mwezi ujao atauliza tena.

Jina la mtaa wetu linanifikirisha kila nipandapo ngazi na mtungi. Limetokana na Kenya Pipeline, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 na kuanza kusukuma mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 1978. Kilomita 450 hivi, kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Nchi hii inajua kupandisha kimiminika mlima. Lakini katika mtaa wenye jina la bomba mfereji hukauka siku kadhaa, tukamngoja mwenye mkokoteni, na anayekaa ghorofa ya saba akalipia maji pamoja na miguu ya aliyeyabeba. Sidai shirika la mafuta lituletee maji. Katiba ya 2010, ibara ya 43, imeshayafanya maji safi kuwa haki, na haki ina mdaiwa wake, ambaye ni serikali. Kampuni inayotaka kutufaa hapa inaweza kumkopesha mdaiwa huyo mafundi wake, bila kutugeuza sisi kuwa watu wa kushukuru kwa kile tunachodai.

Kuna pia deni, na deni haliwi zawadi kwa kufungwa utepe. Tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yaliyovuja kutoka bomba la Kenya Pipeline yalifuata mtaro hadi mtaa wa Sinai, si mbali na hapa, yakashika moto na kuua watu zaidi ya 100. Baada ya jambo kama hilo, lolote linalopelekwa kwa majirani wale linapaswa kuitwa fidia, na liwe wanalolidai wao. Vivyo hivyo kiwanda kinachochafua Mto Ngong: kabla ya kupanda miti shuleni, kifunge kwanza bomba lake la taka.

Nikitaka kuona zawadi iliyokamilika huenda mjini, Jeevanjee. Mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi bustani ile mwaka 1906. Jina lake lingali pale, lakini hakuna anayemwomba ruhusa. Watu wanahubiri, wanabishana siasa, wanalala nyasini. Mwaka 1991 ulipokuja mpango wa kujenga maegesho ya magari, waliusimamisha, kwa sababu bustani ilikuwa yao.

Tangi letu halikuwa la mtu. Mwalimu mkuu aliogopa hata kulitoboa aweke mfereji, kwa kuwa lilikuwa “tangi lao”. Aliandika barua kuomba ruhusa, jibu halikuja. Mwishowe wazazi walichangishana, fundi wa mabati kutoka Kware akafunga gata Jumamosi moja, na mwalimu akashika drili mwenyewe. Usiku wa kwanza wa masika mvua ilinyesha hadi alfajiri. Asubuhi niliwakuta watoto wamelizunguka tangi, wakiligonga kwa vifundo vya vidole kutoka chini kwenda juu, masikio yamebanwa kwenye plastiki, wakitafuta maji yamefika wapi.