Foki Inapoinama

Simama kando ya Outer Ring Road karibu na Kariobangi, jijini Nairobi, uitazame bodaboda ikifika kwenye tuta. Mwendeshaji anabana breki, pua ya pikipiki inainama, springi za mbele zinabonyea, kisha inainuka polepole kama mtu aliyetoka kusujudu. Hakuna anayeshangaa. Tumekubali kwamba pikipiki sharti ipige magoti kabla ya kusimama.

Wako waliokataa. Foki ya mirija miwili inayoshika gurudumu la mbele, ambayo BMW iliitoa ikiwa na mafuta ndani mwaka 1935, imebebeshwa mizigo mitatu kwa pamoja: kugeuza gurudumu, kumeza mashimo, kupokea nguvu za breki. Breki ikishaibonyeza, shimo linalofuata linaikuta haina nafasi. Norman Hossack, fundi aliyetokea kwenye magari ya mbio, alizigawa kazi hizo. Mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mwingine chini, ikabeba mshtuko kama kwenye gari. Usukani ukaachiwa kugeuza tu. Kampuni ya mafuta ya Elf, ya Ufaransa, iliitupilia mbali foki yenyewe, na Ron Haslam akaiendesha pikipiki ya Elf yenye injini ya Honda katika mbio za dunia za cc 500 kuanzia 1986 hadi 1988. Hesabu ilikuwa upande wao. Ushindi katika mbio hizo haukuja, na leo kila pikipiki ya MotoGP, mbio kuu za dunia, ina foki.

Lalamiko la waendeshaji dhidi ya mitambo ya namna hii limekuwa lilelile: mikono yao haisikii tairi la mbele. Kule kuinama tulikokuita kasoro kulikuwa kunawapa habari. Kulikuwa kunawaambia tairi limeshika kiasi gani, na kona inaruhusu nini.

Jambo hili limenikaa rohoni. Kasoro ikiishi na watu muda mrefu, miili yao huigeuza kuwa maana. Maana hiyo ni ya kweli; kuna watu wameokolewa nayo. Lakini ni maana ya kitu kilichozoeleka, na haiwezi kuwa shahidi dhidi ya kipya. Mbio hazimpi mtu muda wa kujifunza kusikia upya. Kwa hiyo sikubali kwamba Elf ilikosea kwa kuwa ilishindwa.

Nina shahidi. John Britten, wa Christchurch, New Zealand, aliunda pikipiki isiyo na fremu ya kawaida: injini ndiyo uti wa mgongo, rejeta iko chini ya kiti, na mbele kuna mtambo wa namna ya Hossack uliotengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Mwaka 1994 ilishinda mbio za pikipiki za silinda mbili kule Daytona, Marekani. Mwaka uliofuata Britten alifariki, akiwa na miaka 45. Pikipiki za aina hiyo alizounda zilikuwa kumi tu.

Namkumbuka Britten kila ninapopita Kariobangi Light Industries. Bodaboda aina ya Boxer ilitoka India ikiwa na swali lake. Hapa inaulizwa jingine: kreti za mikate, mitungi ya gesi, sofa. Fundi anarefusha keria, anachomelea paipu chini ya kiti, mwenye pikipiki anazunguka nayo na kurudi kusema inavuta upande gani, na kazi inaanza tena. Fremu kwake si msahafu. Anajua pia, au anapaswa kujua, kwamba chuma huweza kudhoofika kando ya pale moto ulipopita, na kwamba ufa mdogo wa leo huua mwezi ujao.

Ndiyo maana nawaomba walimu wa vyuo vyetu vya ufundi: waleteni wanafunzi Kariobangi wakiwa na mizani na vipimo. Wapime fremu hizo kabla na baada ya kuchomelewa, wamuulize fundi kwa nini aliweka paipu hapo na si pengine, na jibu lake waliandike kwa Kiswahili.