Teke la Bunduki

Nimemiliki bunduki kwa zaidi ya miaka thelathini, na wageni wanaponikuta nikiisafisha barazani aghalabu huniuliza jambo moja: je, hiyo inaua tembo? Hakuna aliyewahi kuniuliza kama mimi mwenyewe naiweza. Nami kwa muda mrefu sikujiuliza. Katika kurasa hizi chache nataka kulitazama swali hilo, kwa sababu naamini halihusu bunduki peke yake. Mtu anayemiliki kitu chenye nguvu kuliko yeye anawiwa nini na wale wanaosimama karibu naye?

Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa ya .458, aina ambayo risasi zake zilianza kutolewa na kampuni ya Winchester ya Marekani mwaka 1956 kwa ajili ya tembo, nyati na wanyama wengine wakubwa. Niliinunua mapema katika miaka ya 1990 huko Liwale, nilikokuwa nikifanya kazi ya kilimo, kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama. Liwale imepakana na pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu mwaka 2019. Ni nchi ya wanyama. Kijana mwenye mshahara na leseni, akatembea mjini huku bunduki kubwa imening'inia begani, alijiona amekamilika. Sitaficha kwamba niliipenda zaidi kwa jinsi watu walivyoitazama kuliko kwa kazi yake.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuishika silaha ya namna hii, yafaa nieleze kidogo. Risasi ya .458 ina uzito wa gramu 32 hivi, na hutoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 600 kwa sekunde. Nguvu inayoisukuma risasi mbele huisukuma na bunduki nyuma, kama alivyoeleza Newton mwaka 1687 kwamba kila tendo lina tendo la kulijibu, lililo sawa nalo na lililo kinyume chake. Sisi tuliliita teke. Teke la .458 ni kama mara tatu ya lile la .30-06, bunduki ya kawaida ya kuwindia swala. Usipokibana kitako vizuri begani, utalala na maumivu. Ukisogeza uso karibu mno na darubini, utapasuka nyusi.

Wako wawindaji wanaojivunia teke hilo. Husema kwamba maumivu ya bega ndiyo ada ya mwindaji: mnyama anaumia, nawe unaumia, basi pana usawa. Nilipokuwa kijana niliyapenda maneno haya. Leo nayaona kuwa ni ya kujifariji tu. Mimi nilipata alama nyeusi begani iliyofutika baada ya wiki moja. Nyati anapoteza uhai. Hakuna mizani iwezayo kuyasawazisha hayo mawili. Tena, teke lina madhara mengine ambayo wenye kujivuna hawayataji. Mwili haudanganyiki. Ukiumizwa mara tatu nne hujifunza kujihami, na hujifunza pasipo kumuuliza mwenyewe. Kidole kinapogusa kifyatulio, jicho hufumba, bega hujikunyata, na mkono huusukuma mtutu chini nukta moja kabla ya mlio. Risasi huenda isikokusudiwa, na mpigaji huapa kwamba alilenga sawasawa.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Risasi zilikuwa ghali na adimu, nami nikaufanya uhaba huo kuwa kisingizio cha kutofanya mazoezi. Kwa kweli nilikuwa naiogopa bunduki yangu. Usiku wa kuamkia safari nilikuwa nikiwaza bega langu kuliko ninavyomwaza nyati. Lakini ningemwambia nani? Mwenye .458 hasemi kwamba anaogopa kelele.

Mwaka 1994 nilikata leseni ya nyati mmoja. Tulikwenda watatu: mimi, askari wa wanyamapori kama taratibu zilivyotaka, na mzee mmoja msasi aliyesifika kwa kufuata nyayo. Tulimkuta nyati dume kwenye majani marefu, hatua hamsini hivi. Nililenga bega, nikafyatua, na risasi ikampiga tumboni. Akaingia kichakani. Kila anayemjua nyati anajua maana yake: haikuwa halali kumwacha afe polepole kwa maumivu, wala kumwachia akutane na mama aendaye kuteka maji. Ilibidi tumfuate. Mzee alitangulia kwa sababu ndiye aliyeweza kusoma damu. Nyati alikuwa amezunguka na kutungoja ubavuni mwa njia yake mwenyewe. Alimpiga mzee pembe ya paja kabla askari hajamwangusha kwa .375 yake. Mimi sikufyatua risasi ya pili.

Mzee alipona, ila mguu wake haukurudi kuwa kama zamani. Gharama za matibabu nililipa mimi, na watu wakanisifu kwa utu. Walipouliza ilikuwaje, nilisema risasi ilikuwa ya zamani, pengine baruti ilipata unyevu. Nililisema hilo mara nyingi mpaka likaanza kunielea kama kweli.

Aliyenivua uongo huo ni yule askari. Miezi kadhaa baadaye alinichukua tukalenge shabaha. Akasema yeye ndiye atakayenijazia bunduki, nami nigeuke nisitazame. Mara ya kwanza ikalia. Mara ya pili nikalenga, nikavuta kifyatulio, pakasikika "ta" tu. Alikuwa ameweka ganda tupu. Bunduki haikulia, haikupiga teke, lakini mtutu uliinama kuelekea ardhini kama jembe, na jicho langu lilikuwa limefumba. Hakusema neno. Alilitoa ganda, akanipa mkononi.

Nilikwenda kwa mzee jioni ileile. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bwana Shamba, mimi nilijua. Niliona mtutu ukiinama kabla ya mlio." Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kunisema. Akajibu, "Kuogopa si kosa, mwanangu. Hata mimi nyati namwogopa. Lakini ungeniambia asubuhi ile, ningechagua pa kusimama."

Jibu hilo limekaa nami miaka yote hii. Nilikuwa nimefikiri kwamba kosa langu lilikuwa woga, na kwa hiyo nililificha kama mtu afichavyo aibu. Mzee hakunilaumu kwa woga. Alinilaumu kwa kumnyang'anya hiari yake. Alitembea mbele yangu akiamini kwamba nyuma yake pana mtu anayeiweza silaha yake, ilhali mimi peke yangu nilijua kwamba si kweli. Hofu ilikuwa yangu, bunduki ilikuwa yangu, lakini paja lilikuwa lake.

Mtu anaweza kunipinga akisema: basi kila mwenye hofu na aweke silaha chini, na mashamba yaliwe. Sisemi hivyo. Wala sisemi kwamba bunduki ndogo ndiyo dawa. Ni kweli kwamba Mskoti W. D. M. Bell aliua tembo wengi mno mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao kwa bunduki ndogo isiyo na teke kubwa, kwa kuwa alijua mahali pa kupiga. Lakini wengi wetu si Bell, na kanuni inayotaka bunduki isiyopungua .375 kwa nyati na tembo ina busara yake. Ninachosema ni kwamba kipimo cha silaha hakitoshi bila kipimo cha mtu. Aliye na .375 anayoiweza ni msaada kwa wenzake, aliye na.458 inayomshinda ni hatari kwao, hata akiwa na nia njema.

Nami naona jambo hili nje ya pori pia. Dereva anayelikubali basi kubwa kabla hajalizoea, fundi anayepokea kazi asiyoijua, mtu anayeshika cheo kinachomtisha usiku: wote wana bunduki mkononi, na mbele yao yuko mtu anayesoma nyayo kwa imani.

Niliibadilisha ile .458, nikachukua .375. Kila mwaka kabla ya kwenda porini humwomba mwenzangu anijazie bunduki nami nigeuke. Mara nyingine mtutu bado huinama. Siku hiyo husema wazi mbele ya wote, nikabaki nyuma, na mwingine akafyatua. Lile ganda tupu ninalo bado, juu ya meza ninapoandikia.