Haki ya Mama Anyonyeshaye

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu! Mwenyezi Mungu Mtukufu ameeleza katika Sura Maryam hali ya Bibi Maryam (amani iwe juu yake) alipofikwa na uchungu wa uzazi. Alikuwa peke yake, mbali na jamaa zake, hata akatamani lau angekufa kabla ya siku ile. Aliponadiwa, alikatazwa huzuni, akaonyeshwa kijito cha maji, akaamrishwa atikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu. Kisha ale, anywe na jicho lake litulie.

Katika kisa hiki mna mazingatio kwa familia zilizohamia Toronto. Mzazi wa Unguja, Mombasa au Maskati hukaa arubaini yake baina ya mama, shangazi na majirani. Huletewa uji wa pilipili manga, supu ya kuku, samli, tende na uwatu. Huko Toronto mara nyingi hana wa kumgongea mlango. Mume hutoka alfajiri akarejea usiku, na mama hushinda kwa chai na mkate, mtoto yuko kifuani. Mtoto akinenepa, husemwa: "Maziwa yapo, hapana neno." Na hapo ndipo penye kosa.

Kwani Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wa mama ukamtanguliza mtoto. Mama akipungukiwa na chakula, aghalabu maziwa huendelea kutoka, lakini hutoka katika akiba yake mwenyewe. Matabibu wamekadiria kwamba katika miezi 6 ya mwanzo anyonyeshaye huhitaji kalori zipatazo 500 za ziada kila siku. Basi unene wa mtoto si shahidi wa shibe ya mama.

Na Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 233, imemwajibisha baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo, na ikakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Mume asidhani kuwa amekwisha kutekeleza wajibu huo kwa kulijaza friji. Chakula kibichi si chakula kwa mtu ambaye mikono yake yote miwili imemshika mtoto. Kabla ya kutoka, amwachie uji wa maziwa katika chupa ya chai, mayai yaliyochemshwa, tende, na maji karibu na pale anyonyeshapo. Usiku apike choroko, samaki au kuku wa kutosha siku mbili. Wala hapana aibu: Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa habari za Mtume (s.a.w.) nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake.

Ama funga ya Ramadhani, mwaka 2016 iliingia mwezi wa Juni, wakati jua la Toronto hutua baada ya saa tatu usiku, na funga ikafika saa 17 hivi. Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo majira hayo yatarejea. Mama anyonyeshaye akihofia kudhurika yeye au mwanawe, ana ruhusa ya kula, naye atazilipa siku hizo atakapopata wepesi, hata katika Desemba, ambapo jua la huko hutua kabla ya saa kumi na moja jioni. Asione kuwa imani yake imepungua. Aliyeifaradhisha funga ndiye aliyeleta ruhusa, naye amesema kuwa huwatakia waja wake wepesi.

Bibi Maryam hakuwa na mtu, Mola wake akamtosheleza kwa mtende na kijito. Mama wa Toronto anaye mume, na mume huyo ndiye aliyepewa amana ya kumtikisia mtende. Basi kila mume, kabla ya kulala, aiulize nafsi yake: mama wa mwanangu amekula nini leo?

Mwenyezi Mungu awajaalie waume kutekeleza amana zao, na awape akina mama afya na utulivu. Wabillahi tawfiq.