Daftari ni la nani?

Ofisi mbili zinazoamua mtoto wa Uganda afundishwe nini na apimwe vipi ziko huku kwetu Nakawa Division. Ya mitaala iko Kyambogo, ya mitihani iko Ntinda. Ya kwanza ilileta mtaala mpya wa sekondari mwaka 2020: mwanafunzi asikariri tu, atumie alichosoma kwenye mambo ya maisha. Ya pili ikapima kundi la kwanza mwaka 2024, na sasa asilimia 20 ya alama zinatoka kwenye kazi za darasani. Katikati yao tuko sisi walimu na chaki zetu.

Mimi nilisomea Kongo, kwa dikte. Mwalimu anasoma, tunaandika, anahesabu makosa. Insha tulikuwa tunakariri: safari, sikukuu, ajali ya gari. Kwa hiyo nilipoanza kufundisha watoto wakimbizi siku ya Jumamosi, niliapa kwamba vile sitafanya. Nikawaambia: andikeni maisha yenu wenyewe.

Walimu wenzangu walicheka. Watoto ni wengi, nani atasoma yote hayo? Hilo nilikuwa na jibu lake, wasomeane wawili wawili. Lile ambalo sikuwa na jibu lake lililetwa na mama mmoja, jioni, ametoka sokoni na beseni lake bado kichwani.

"Mwalimu, ile daftari ya mtoto iko wapi? Naomba unirudishie."

"Kuna shida gani, mama?"

"Ameandika namna baba yake alikufa."

Mtoto alikuwa ameandika kitu kimoja ambacho mama hakukisema siku ya kujiandikisha. Si uongo wa kujipatia faida. Ni jambo la aibu, alilificha. Lakini sisi wakimbizi tunajua: hadithi yako ndiyo faili yako. Unaisimulia kwa Ofisi ya Waziri Mkuu, unaisimulia kwa UNHCR, na tarehe zikipishana unaulizwa. Mimi nilimwambia mtoto kwamba kuandika ni uhuru. Kwao nyumbani kuandika ni ushahidi.

Basi, mwalimu ana haki gani ya kumdai mtoto ukweli? Zile insha za kukariri nilizidharau sana. Siku hizi naona kwamba harusi ya mjomba ambaye hayupo inaweza kuwa pazia, na mtu aliyekimbia anahitaji pazia.

Kuna Mfaransa, Célestin Freinet, mwalimu wa kijijini, ambaye tangu miaka ya 1920 aliwaachia watoto waandike wanachotaka, halafu wakichape wenyewe kwa mashine darasani. Huko Saint-Paul mtoto mmoja akaandika ndoto: darasa zima limemwasi meya. Maadui wa mwalimu wakaitangaza kijijini, ikawa vita, na mwaka 1933 akaondoka pale. Watu wanaoleta mbinu yake kwenye semina hawatuelezi kipande hicho. Wala hawasemi kwamba kwake "huru" ilimaanisha pia mtoto anaweza asiandike.

Na nyinyi wenzetu wa mashirika, msikasirike: mtu akiniomba "hadithi tatu za watoto" za kuweka kwenye ripoti, mtoto hayupo pale kusema hapana.

Mwenzangu mmoja haoni hivyo. Anasema mtoto asiyeulizwa kitu atabaki na harusi za watu mpaka uzee. Sina la kumjibu, maana ana haki.

Daftari nilimrudishia mama. Jumamosi iliyofuata mtoto akaja na karatasi moja tupu, akaniuliza kama anaweza kuandika halafu achane. Nikamwambia ndiyo. Huwa anaandika kama nusu saa, ameinamia meza, mkono wa kushoto umefunika maneno. Akimaliza anachana vipande vidogo na kuviweka mfukoni. Alama yake kwenye rejista nimeacha wazi.