Mpaka Uliowafuata Wamakonde Hadi Kwale

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Mto Ruvuma utenganishe himaya zao. Wamakonde walikuwa ng'ambo zote mbili za mto huo, wakioana na kuzikana. Hakuna aliyewauliza.

Sisemi mipaka ifutwe. Serikali lazima ijue zahanati ipi ni jukumu lake na barabara ipi ni ya jirani. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere alipopeleka hoja mjini Cairo mwaka 1964, kwamba nchi za Afrika ziheshimu mipaka ziliyorithi wakati wa uhuru, wengi walimuunga mkono. Kila mmoja angedai ardhi ya babu yake, tungekuwa bado tunapigana. Kinachoniuma ni mpaka unapobanduka mtoni ukamwandama mtu hadi nyumbani kwake.

Katika miaka ya 1930 na kuendelea, Wamakonde kutoka Msumbiji walikwenda Kwale, pwani ya Kenya, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa, wakajukuu. Uhuru wa 1963 ukawakuta palepale, lakini kitambulisho cha taifa hawakupata.

Maisha bila kadi ile ni ya kuazima majina. Laini ya simu unasajiliwa na jirani, kwa hiyo hata pesa unayotumiwa na mwanao inaingia kwa jina la jirani huyo. Ukinunua shamba, hati inaandikwa jina la rafiki. Siku rafiki akifa, wanawe wanaweza kukufukuza na huna karatasi ya kuwaonyesha. Kazi ya ajira huombi. Ukiona askari njiani unakata kichochoroni, ingawa hujaiba chochote. Na mtoto wako, aliyezikwa kitovu Msambweni hukohuko Kwale, anakua akiirithi hofu hiyohiyo kama wengine wanavyorithi minazi.

Oktoba 2016 walichoka. Wakafunga safari hadi Nairobi kumwona Rais. Uhuru Kenyatta aliwaomba radhi na kuagiza wapewe vitambulisho, na mwaka uliofuata wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Nilifurahi mno, na bado nafurahi. Wazee waliopita umri wa kuhesabu miaka walishika kadi ile kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, jambo moja halinitoki moyoni: kwa nini kuitwa raia kuliambatana na kuitwa kabila? Wapemba wa pwani hiyohiyo, ambao ni wavuvi wa miaka nenda miaka rudi, walisubiri kutambuliwa hadi 2023. Anayetoka jamii ndogo zaidi, isiyo na watu wa kutosha kuandamana hadi Ikulu, afanyeje? Afisa anayemsajili angeanza kwa kumuuliza alizaliwa wapi na anaishi na nani. Mto aliovuka babu yake haumhusu afisa huyo.