Mwenye Kuziba Mlango na Mwenye Kuacha Ufa

Wasomaji wetu walioko Mombasa, Malindi na Lamu huenda hawajapata kuona jinsi mifugo inavyonyweshwa huku kwetu Isiolo wakati wa kiangazi. Katika mila ya Waborana kisima hakiendewi ovyo. Huwekwa mtu wa kusimamia zamu, nao humwita abba herega. Yeye ndiye ajuaye ni kundi la nani litakalokunywa leo na la nani litakalongoja kesho. Sasa tujaalie kwamba mtu amekuja na ng'ombe waliokwisha kunywa mahali pengine, akawatia katika safu, na ilipofika zamu yake akawasimamisha mbele ya hori la maji, hawanywi wala hawaondoki. Jua likatua, na wenye kiu wakarudi na kiu yao. Mtu huyo hakuteka maji, hakutia sumu, hakuvunja hori. Je, ameiba au hakuiba?

Swali hili si la kisima peke yake. Tarehe 27 Julai 2023 Serikali ya Kenya ilikiri kwamba eCitizen, yaani ule mlango wa intaneti ambamo raia huombea pasipoti, leseni na huduma nyingine zaidi ya 5,000, umeshambuliwa. Siku zile watu walipata taabu kununua umeme kwa simu na kukata tikiti za treni. Na wageni waliokuwa wakingoja viza, Serikali ililazimika kuwaahidi kwamba watapewa wakifika. Kikundi kijiitacho Anonymous Sudan kilidai kuwa ndicho kilichofanya jambo hilo, kwa kisa kwamba Kenya yaingilia mambo ya Sudan. Waziri Eliud Owalo alieleza kwamba mitambo ilisongwa kwa maombi mengi kupita kawaida, na kwamba hakuna khabari za watu zilizopotea. Wengi waliposikia hayo walishusha pumzi wakasema: "Basi, hakikuibwa kitu."

Sisi twasema kimeibwa. Kilichoibwa ni zamu. Mtu mwenye haki ya kuhudumiwa leo, asipohudumiwa leo, amenyang'anywa siku yake; nayo siku ikipita hairudishwi. Huenda ilikuwa siku ya safari, au siku ya mwisho ya kulipa, au usiku wa mgonjwa asiye na taa.

Huenda mtu akasema: "Na kama wale walikuwa na manung'uniko ya kweli? Nchi yao inaungua kwa vita." Twajibu kwamba manung'uniko, hata yakiwa ya kweli, yana mwenyewe anayeshitakiwa. Mwenye kumdai waziri hafungi njia ya mama anayenunua umeme wa shilingi mia. Adhabu ikimpata asiyehusika na ikamkosa anayehusika, haiitwi haki, huitwa dhulma. Mwezi wa Oktoba 2024 ndugu wawili wa Kisudani walishtakiwa huko Marekani kwa mashambulio yanayonasibishwa na kikundi hicho. Hukumu yao twawaachia mahakimu. Lakini mwenye kuziba mlango si peke yake wa kuulizwa.

Ili tumfikie wa pili, sharti tueleze hila zenyewe. Mwezi uliofuata, Agosti 2023, wahalifu walianza kutumia kasoro iliyomo katika HTTP/2, nayo ni kanuni ambayo kwayo mitambo mingi ya intaneti huzungumza. Mshambuliaji huleta ombi, na kabla halijajibiwa hulifuta, akaleta jingine akalifuta. Ni kama mtu aliyekaa mkahawani akaagiza chai, na mtumishi akishika birika humwambia, "Basi, acha," kisha akaagiza tena, na tena, mara elfu. Mwenye mkahawa ameweka sharti kwamba hapokei maagizo mengi kwa pamoja. Lakini kila agizo lililofutwa halihesabiwi, hata sharti lile likawa bure, na mtumishi akachoka pasipo kumhudumia mteja wa kweli. Kampuni ya Google ilieleza kwamba shambulio moja la namna hii lilifikia maombi milioni 398 kwa sekunde moja.

Google, Cloudflare na Amazon, ambao ni washindani katika biashara, hawakutangaza aibu hiyo upesi ili wasifiwe. Walishauriana kwa siri mpaka viraka vilipokuwa vikitayarishwa, na tarehe 10 Oktoba 2023 wakatangaza kwa pamoja. Kiraka ni marekebisho ya programu yanayoziba tundu lililojulikana. Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu: siku kiraka kitangazwapo ndiyo siku tundu litangazwapo. Mwema amelijua, na mwovu amelijua. Kabla ya siku hiyo mwenye mtambo ana udhuru wa kutojua. Baada ya kupata muda wa kutosha wa kuziba, udhuru huo hanao tena.

Na mfano wa aliyechelewa upo. Mwezi wa Julai 2002 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika programu yake ya kuhifadhi khabari iitwayo SQL Server. Miezi sita ikapita. Tarehe 25 Januari 2003 ukatoka uovu wa kompyuta ulioitwa Slammer, ukapita katika tundu lile lile, na kwa muda wa kama dakika 10 ukawa umekwisha enea katika sehemu kubwa ya mitambo yenye kasoro hiyo duniani. Njia za intaneti zikasongwa, na huko Marekani hata mashine za kutolea fedha za benki zikashindwa kuhudumia watu. Kiraka kilikuwapo miezi sita, wala hakikuhitaji ila mtu wa kukitia. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi twaongeza kwamba ukuta huo mara nyingi humwangukia asiyekuwa mwenye nyumba.

Najua wenye kazi hii watajibu: "Kiraka nacho huweza kudhuru." Ni kweli. Tarehe 19 Julai 2024 marekebisho yenye kosa yaliyotolewa na kampuni ya CrowdStrike yalizimisha kompyuta kama milioni 8.5, na safari za ndege zikavurugika nchi nyingi. Lakini hayo yatufundisha kujaribu kiraka katika mitambo michache kwanza, na kuweka njia ya kurudi nyuma, hayatufundishi kulala. Mwenye kupima dawa ni mwangalifu, na mwenye kuiacha dawa kabatini mpaka mgonjwa afe hana jina hilo.

Na kadiri mlango unavyokuwa mmoja, ndivyo amana inavyozidi uzito. Serikali ikisema kwamba haja zote zipitie mahali pamoja, imejitwalia kazi ya abba herega, na hapana budi ailinde zamu usiku na mchana, na aweke mlango wa pili wa dharura, wa karatasi na wa binadamu, siku ule wa kwanza ukizibwa. Sisi watu wa kaskazini twajua mlango uliofungwa ni nini. Kwa miaka mingi kijana wa huku alipotaka kitambulisho alisimamishwa mbele ya kamati ya kumhoji, ambayo vijana wa sehemu nyingi za Kenya hawakuijua, mpaka Februari 2025 Rais Ruto alipotia saini tangazo la kuiondoa. Aliyengoja kwa muda huo apate karatasi, kisha akaambiwa kwamba leo mtambo hauitiki, hataona tofauti kubwa baina ya mlango uliofungwa kwa makusudi na mlango uliofungwa kwa uvivu.

Amebaki wa tatu, naye ni sisi. Tarehe 21 Oktoba 2016 tovuti mashuhuri kama Twitter na Netflix hazikupatikana kwa watu wengi, kwa sababu kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikiwaonyesha njia, ilishambuliwa. Jeshi lililotumika lilikuwa kamera za ulinzi na visanduku vya intaneti majumbani mwa watu, ambavyo wenyewe hawakupata kubadili neno la siri la kiwandani. Walikuwa wamelala, na vyombo vyao vikidhulumu. Basi simu yako ikikuambia kwamba yapo marekebisho, nawe ukasema kesho, kesho, jua kwamba ng'ombe wako wamo katika safu ya kisima, na anayewachunga si wewe.

Kwa hiyo tukirudi kwenye swali letu twajibu hivi: aliyeziba mlango ameiba zamu za watu, aliyeujua ufa akauacha, ilhali kiraka ki mkononi mwake, amefanya khiyana katika amana, na aliyeacha chombo chake kitumiwe ana sehemu kadiri ya alivyojua na alivyoweza. Dhambi hizi hazilingani, lakini hakuna iliyo sifuri. Basi na tuanze na iliyo mikononi mwetu, usiku huu kabla ya kulala. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.