Mpaka Si Kisingizio

Katika vibanda vya video vya Kampala, filamu ya Marekani haisemi Kiingereza peke yake. VJ hushika kipaza sauti, akatafsiri kwa Kiganda, akatia utani wake na kuwapa wahusika majina ya mitaa yetu. Mimi nimekulia humo. Bila VJ, bibi yangu asingeelewa hata filamu moja.

Siku moja nilimuuliza VJ mmoja kama ana ruhusa ya wenye filamu. Akacheka. "Sheria ya Marekani ibaki Marekani, mwanangu." Lakini muda si muda akaanza kulalamika mwenyewe: kuna mfanyabiashara ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, anayenakili diski zake na kuziuza. Je, sheria ya Uganda itamfikiaje?

Haitamfikia. Tangu Mkataba wa Berne wa 1886, msingi ni kwamba kazi hulindwa kwa sheria ya nchi ambamo ulinzi unadaiwa. Umoja wa Ulaya uliiandika kanuni hiyo waziwazi mwaka 2007. Kwa hiyo mwuzaji wa Busia atahukumiwa kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001. Na VJ wetu? Ni kweli kwamba sheria ya Marekani haimfikii hapa, lakini amekosea kudhani hakuna sheria inayomfikia. Ipo ya Uganda ya 2006, nayo humpa mtunzi haki ya kuamua nani atafsiri kazi yake. Uganda pia ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani, ambalo linakataza mtunzi mgeni kupewa ulinzi hafifu kuliko mwenyeji.

Wako wanaosema ingekuwa haki zaidi kama sheria ya nchi ya mtunzi ingeifuata kazi yake kokote iendako. Sikubaliani nao. Kampuni ya Disney ilisajili maneno "Hakuna Matata" nchini Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara ya fulana. Kama usajili huo ungesafiri na mwenyewe, fundi wa soko la Owino angehitaji kibali cha Marekani ili achape maneno ya Kiswahili kwenye fulana. Mpaka unatulinda. Unahakikisha kwamba anayetutungia sheria ni bunge tunalolichagua, si bunge la wenye nguvu.

Hata hivyo, ukuta unaonilinda dhidi ya jirani haunipi ruhusa ya kuficha kuku wake uani kwangu. Kanuni hii inatuambia ni nani atakayehukumu. Haisemi kwamba aliye mbali hakuumia. Uchungu wa VJ kwa diski zake ndio uchungu wa mwenye filamu, hata kama mmoja ni maskini na mwingine tajiri.

Sitaki vibanda vifungwe. Natamani vibali viwepo kwa bei ambayo kibanda kinaweza kulipa. Ila VJ wetu akienda kushtaki Kenya, ajiandae. Sheria atakayoitegemea huko inamlinda pia mwenye filamu, na hakimu anaweza kumuuliza swali lile lile nililomuuliza mimi: ruhusa yako iko wapi? Huko hatacheka.